Oda ya 6x6 iliyofika 5x6: duka la mashuka Kariakoo na komenti walizozifuta

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenye biashara wanaouza kwa simu, hasa wale ambao peji inaendeshwa na mtu mwingine na wao wenyewe wako bize na mzigo. Majina, mkoa wa mteja na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiondoa, na mwenye duka amekubali kiandikwe. Mimi niliitwa kusaidia mambo yakiwa yameshachacha, kwa hiyo ya mwanzo nimeyatoa kwenye chati zao, daftari lao na maelezo ya watu wa dukani.

Duka lenyewe

Lipo Kariakoo, ghorofa ya pili, frem ndogo. Wanauza mashuka, duveti na mapazia, rejareja na jumla kwa wafanyabiashara wa mikoani. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeanza kwa kupanga mzigo chini barabarani, hapa tumwite Mama. Instagram na WhatsApp ya duka anayo binti mmoja, tumwite Binti. Na kuna kijana wa stoo anayefunga mizigo.

Kwa mtu wa ghorofa ya pili Kariakoo Instagram sio urembo. Frem za chini kodi yake huigusi, na mteja anayepita mtaani na mifuko mikononi hapandi ngazi kutafuta duka asilolijua, kwa hiyo wengi waliokuwa wanapanda walikuwa wameshaona video. Binti anajua kazi yake kwenye hilo, anatandika duveti kwenye kitanda cha maonyesho, anapitisha kiganja juu yake taratibu uone ulaini, hana maneno mengi, halafu chini anaandika "Bei DM, mikoani tunatuma". Watu walikuwa wanapenda sana hizo video.

Hiyo "Bei DM" ilikuwa na sababu mbili. Mama hakutaka jirani wa frem ya pili aone bei halafu ashushe buku mbili. Na Binti alishaona kwamba posti isiyo na bei inapata komenti nyingi za "bei?" na komenti zikiwa nyingi posti inasambaa. Zote mbili zina ukweli ndani yake, sio ujinga, nitalirudia hili huko chini.

Utaratibu wa oda ulikuwa hivi: mteja anaanzia DM, anahamishiwa WhatsApp, wanakubaliana, analipa kwa Lipa Namba, Binti anaandika kwenye daftari, kijana wa stoo anasoma daftari na kufunga, boda anapeleka Stendi ya Magufuli kule Mbezi, mteja anatumiwa picha ya risiti ya mzigo. Ukiusikia hivi ni utaratibu mzuri tu, na miaka yote ulikuwa unafanya kazi.

Kilichotokea

Zilibaki kama wiki mbili Ramadhani iingie. Anayeuza mashuka na mapazia anajua maana yake, watu wanabadilisha nyumba kwa ajili ya mwezi na Idd, na harusi zote zinakimbizwa zifanyike kabla ya kufunga. Mama alikuwa amebusti video moja ya duveti la maruni, yaani ameilipia iende kama tangazo, inaonekana mpaka mikoani, na simu ya duka ilikuwa haipumui.

Jumatano mteja wa mkoani akaagiza seti ile ya maruni. Ilikuwa zawadi ya kitchen party ya mdogo wake, Jumamosi. Aliandika "nataka ile ya maruni ya kitanda kikubwa", halafu akafuatisha voisi fupi akisema kitanda ni sita kwa sita. Binti aliisikiliza voisi, akamjibu sawa mpenzi, akapokea muamala, na kwenye daftari akaandika: "Maruni, mkubwa x1". Kijana wa stoo kwa akili yake mkubwa ni 5x6, kwa sababu ndio saizi inayotoka kwa wingi kwa wateja wao, 6x6 yeye huwa anaiita sita sita. Akafunga 5x6.

Alhamisi usiku mteja akafungua mzigo. Akatuma ujumbe WhatsApp na picha ya ile lebo iliyoandikwa 5x6, tiki zikawa za bluu, kimya. Akapiga mara kadhaa, haikupokelewa. Binti anasema aliuona ule ujumbe yuko kwenye daladala anarudi nyumbani, akasema atajibu kesho akifika dukani akaulize stoo kwanza. Asubuhi akakuta meseji mpya kibao juu yake, ule ukazama.

Ijumaa saa 3 asubuhi mteja akaenda kwenye ile video iliyobustiwa akaandika komenti, bila tusi hata moja: nimelipia 6x6 nimeletewa 5x6, simu hampokei, sherehe ni kesho, naombeni mnisaidie.

Binti akaifuta. Nilimuuliza kwa nini, akasema video inalipiwa, wateja wapya wanaingia, itaonekana Mama amepoteza hela ya tangazo kwa sababu yake. Ana umri mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia afanye nini komenti ya namna hiyo ikija. Mteja akaandika tena, ikafutwa tena, halafu akablokiwa.

Hapo ndipo tatizo lilipobadilika. Yule dada alikuwa ameshapiga skrinshoti ya komenti yake ya pili kabla haijafutwa, akaipeleka kwenye kundi moja kubwa la kina mama Facebook pamoja na picha ya lebo na ujumbe wa muamala, kichwa cha habari "Jihadharini na hawa". Mchana watu wakaanza kuhamia kwenye peji ya duka kwa makundi, wanaandika chini ya ile ile video. Tangazo bado linaendelea kulipiwa, kwa hiyo Mama alikuwa anatoa hela yake kuwaleta wageni wakasome kwamba yeye ni tapeli.

Mama mwenyewe alikuja kujua saa 8 mchana, dada yake alimtumia skrinshoti. Akapandisha hasira, akachukua simu ya duka, akaingia kwenye chati, akaona yale maneno "kitanda kikubwa", akaona huyu mtu hakusema saizi. Akapiga skrinshoti ya chati akaiweka kwenye stori na kwenye posti, akaandika mteja hakutaja saizi sasa anatuchafulia jina. Ile voisi hakuifungua. Na juu ya chati namba ya simu ya yule dada ilikuwa inasomeka yote.

Ndani ya muda mfupi mteja akarekodi skrini ya simu yake akicheza ile voisi, sauti yake inasikika kabisa "sita kwa sita", akaiweka kwenye kundi. Wakati huo huo watu asiowajua walishaanza kumpigia, wengine wa kumtukana, wengine wanaume wa kumtongoza tu. Kaka yake akapiga simu dukani akasema tutakutana kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Maamuzi ya jioni ile

Mimi nilifika saa 10 jioni. Kitu cha kwanza tulisimamisha tangazo, hilo halikuwa na mjadala.

Cha pili kilikuwa na mjadala mrefu, kuondoa ile skrinshoti. Mama alisema nikiifuta watasema nimekubali kosa. Nikamwomba aisikilize voisi, tukaisikiliza pamoja mara mbili, akanyamaza, akaifuta mwenyewe. Hata kama mteja ndiye angekuwa amekosea ile posti ingetakiwa kutoka tu. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume aliyoitaja yule kaka ipo na inapokea malalamiko. Wenzetu Kenya wana sheria yao ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga sehemu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Maduka yetu mengi yanaposti chati za wateja kila siku kama ushuhuda, "asanteni mzigo nimepokea", namba iko juu hapo inaonekana, na hakuna anayeshtuka.

Cha tatu, simu kabla ya posti yoyote. Mama alitaka Binti ndiye apige. Nilikataa, kwa sababu Binti hana uwezo wa kuamua kitu, angeishia kusema ngoja nimuulize bosi. Mama akapiga kwa namba yake mwenyewe. Yule dada alipokea akasema shikamoo kisha kimya. Mama akaitikia, akasema mwanangu mimi ndiye mwenye duka, voisi yako nimeisikiliza, ulisema sita kwa sita, tumekosea sisi, na kuiweka namba yako pale nimekukosea zaidi, nisamehe. Halafu akauliza sherehe ni saa ngapi. Saa 8 mchana.

Hilo swali ndilo lililookoa kazi. Kwa basi mzigo ungeweza kufika sherehe imeshaanza. Lakini Mama anauza jumla, na kwenye mji ule ule ana mteja wake wa jumla mwenye duka sokoni. Akampigia, kumbe 6x6 zipo ila maruni zimeisha. Akatuma picha za rangi tatu, mteja akachagua bluu, boda akaipeleka saa 2 usiku na kurudi na ile 5x6, ambayo mwenye duka wa kule aliichukua iwe mali yake, watakatana kwenye mzigo ujao. Nauli ya basi aliyokuwa ameilipa mteja ikarudishwa kwenye simu yake.

Wakati hayo yanaendelea tuliandika komenti moja tu kwenye ile video tukaipini juu: tumeliona, kosa ni letu, tunalishughulikia sasa hivi, tutarudi hapa saa 3 usiku kueleza. Binti alikuwa anataka kuwajibu watu wote waliotukana, nikamwambia aache. Kutaja saa kulisaidia sana, watu wengi walitulia wakisubiri, ila ukishataja saa lazima urudi kwa saa hiyo.

Saa 3 kasoro, baada ya mteja kuthibitisha amepokea na kukubali tulieleze jambo lake bila jina, posti ikatoka:

"Wiki hii mteja wetu alilipia duveti la 6x6 tukamtumia 5x6. Alipoandika hapa tulifuta komenti zake tukambloku. Kisha tukaweka chati yake ikiwa na namba yake ya simu. Yote matatu ni makosa yetu na tumemuomba radhi. 6x6 ameipata leo usiku, nauli tumemrudishia. Kama una oda yenye shida andika hapa hapa, hatufuti, au piga namba hii, leo anapokea mwenye duka mwenyewe mpaka saa 4 usiku."

Mama alitaka pia iende broadkasti ya WhatsApp. Tuliacha, kwa sababu broadkasti inawafikia tu waliosevu namba yako, na hao ni wateja wake wa siku zote ambao wengi hata habari hawakuwa nayo. Na alipendekeza tumpe mteja seti ya bure aandike maneno mazuri kule kwenye kundi. Nililipinga hilo mpaka mwisho. Ukimlipa mtu uliyemuumiza akusifie, siku akilisema utakuwa tapeli wa kweli sasa.

Matokeo

Chini ya ile posti walijitokeza watu wengine na malalamiko yao ya zamani. Mmoja zipu ya duveti ilifika imekufa, mmoja pazia lilipungua upande mmoja. Walikuwa wanasema kweli na wote walitengenezewa. Wa tatu alidai hela yake ililiwa, alipotuma ujumbe wa muamala jina la Lipa Namba lilikuwa la duka jingine kabisa lenye jina linalofanana na hili, na hilo likaonekana hadharani mbele ya watu wote bila ugomvi. Hapo niliona faida ya kupokea hela kwa Lipa Namba yenye jina la biashara badala ya namba ya mtu binafsi.

Mteja hakuombwa kitu. Jumapili mwenyewe aliandika kwenye lile kundi kwamba ameletewa na ameombwa msamaha, hakuifuta posti yake ya kwanza, na ana haki. Kaka yake hakuendelea na lile la Tume.

Mauzo ya rejareja msimu ule yaliumia, tusidanganyane. Wiki zile mbili ndizo zinazobeba miezi mibaya, na ile video iliyokuwa inauza hawakuiwasha tena. Hata baada ya Idd walikuwepo watu wanaingia DM wanauliza "nyie ndio wale wa 5x6?" Binti siku hizi anajibu ndio ni sisi, anawatumia ile posti, na wengi wanaagiza.

Uchambuzi

Kosa la saizi ni kosa la kawaida, kila anayetuma mzigo limeshamtokea. Lililolifanya liwe moto ni kufuta. Komenti ya yule dada ingebaki pale na chini yake jibu la dakika tano, "dada pole, tunakupigia sasa hivi", nina hakika yangeisha asubuhi ile ile. Binti alikuwa anamtazama aliyeandika, wakati wanaosoma ni wale mia ambao hawaandiki kitu, wana hela ya duveti mkononi na wanajiuliza swali moja tu, nikitumiwa kibaya hawa watanifanyaje. Komenti ya lalamiko ndiyo sehemu pekee ya peji inayojibu swali hilo. Video nzuri hailijibu.

Kwa Binti sioni mahali pa kumtupia lawama yote, na nilimwambia Mama hivyo alipotaka kumfukuza. Alipewa simu, akapewa kazi ya kuleta wateja, hakupewa ruhusa ya kurudisha hata nauli. Mtu wa namna hiyo akibanwa ana kitufe kimoja tu cha kubonyeza, cha kufuta. Sasa hivi anaruhusiwa kurudisha nauli au kubadilisha seti moja bila kuuliza, anamwambia Mama jioni. Hili ndilo badiliko ninaloliona la maana kuliko yote tuliyofanya, na halikuhitaji programu yoyote.

Voisi ni tatizo ambalo halisemwi vya kutosha. Wateja wetu wanapenda voisi na huwezi kuwakataza, wengine kuandika ni shida kwao, ila oda iliyobaki kwenye voisi stoo haiioni. Walichofanya ni majibu ya haraka ya WhatsApp Business: kabla mteja hajalipa anatumiwa oda yake kwa maandishi, rangi, saizi kwa tarakimu, idadi, mahali, na anaombwa ajibu NDIYO. Maneno mkubwa, mdogo, wa kati yamepigwa marufuku kwenye daftari. Na kijana anapiga picha lebo ya saizi kabla hajaziba katoni, picha inaenda kwa mteja pamoja na risiti ya basi. Zile lebo za WhatsApp pia zinatumika, chati yenye lalamiko inawekewa rangi yake ili isizame chini ya oda mpya kama ilivyozama ile ya Alhamisi.

Kuhusu bei. "Bei DM" ndiyo iliyoijaza ile simu meseji za watu wanaouliza tu, na katikati ya hizo ndio lalamiko likapotea. Mama hakutaka kusikia, hofu yake kwa jirani ni ya kweli. Wakakubaliana wajaribu mashuka peke yake yawe na bei wazi, duveti zibaki. Komenti za "bei?" zikapungua kweli na posti za mashuka haziendi mbali kama zamani, Binti alilalamika. Lakini anayeandika sasa ameshaiona bei, anauliza rangi na namna ya kulipa. Duveti bado ni DM mpaka leo, hilo sijashinda.

Msamaha ulifanya kazi kwa sababu ulitaja makosa yote matatu, ukatoka baada ya mzigo kufika, na haukuwa na neno "lakini". Nimeshaona maduka yanaomba radhi "kwa usumbufu uliojitokeza", msomaji anabaki hajui usumbufu gani na nani kausababisha.

Kuna jambo tuliligundua pembeni. Yule mfanyabiashara wa jumla aliyeokoa siku namba yake ilikuwa kwenye daftari la zamani la Mama, kwenye simu ya duka haikuwepo. Wateja wote wa rejareja wa mikoani wako Instagram na WhatsApp tu, basi. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa kama saa sita, na mwisho wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, mwenye orodha ya namba pembeni angalau aliweza kupiga simu. Nimewashauri kila oda iingie daftarini na namba na mkoa, kwa kumuuliza mteja kama anakubali kutafutwa tena.

Kilichobaki ni usiku. Duka linafungwa saa 12 jioni, wateja wanaandika mpaka saa 6 usiku, na simu Binti anaenda nayo nyumbani bila malipo ya ziada. Wameweka ujumbe wa moja kwa moja unaosema tunajibu kuanzia saa 2 asubuhi na kama mzigo wako una shida piga namba ya Mama. Mama anapokea, ila ameshaanza kuchoka, na bado hawajakubaliana Binti alipwe kiasi gani kwa zamu ya jioni.